Neno Jadak Ndani ya Programu ya Maji

Asubuhi ile mwenyekiti wa mradi wetu wa maji alipoingia ofisini Uriri na kuniambia, "Elly, nataka kompyuta ijue nani ni mwenye ardhi na nani ni jadak," ilinipasa nimwambie hapana. Nilimwambia, "Sawa, jaduong'." Nilisema hivyo, nikimwita mzee kwa Kijaluo, bila hata kuondoa vidole kwenye vibonyezo.

Nimestaafu juzi tu. Ninyi vijana wa ofisi ya Migori na ile ya Homa Bay mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, nami nimekubali kwa sababu ya asubuhi ile moja. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa baadhi yenu ni Wakuria, na mmoja wenu ametoka Ogwedhi kwa baba Mmaasai, na neno ninalotaka kulieleza ni la Kijaluo. Jadak ni mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Alikaribishwa, yeye au baba yake au babu yake. Anaweza kulima hapo miaka hamsini, akazaa hapo, akazika wazazi hapo. Kila jirani anajua, na jirani mwenye adabu hasemi. Ukimwita mtu jadak mbele ya uso wake umemwonyesha njia ya kutokea.

Vyeo sitavieleza. Vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na kiti kilichovunjika.

Niliajiriwa nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, niliyoisoma Migori mjini katika chumba chenye mashine nne, mbili zikifanya kazi. Ofisini Uriri nilikuta kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kile ambacho akina mama huweka kwenye viti vya sebuleni. Mwenyekiti alikuwa ameagiza ifunikwe hata ikiwa imewashwa, vumbi lisiingie. Wiki yangu ya kwanza niliitumia kumshawishi kwamba mashine nayo inahitaji kupumua.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa Zakaria, fundi wa mabomba, mtu mrefu mwenye vidole vilivyojaa makovu ya spana. Siku yangu ya pili alisimama nyuma yangu akanitazama nikinakili majina ya wateja kutoka kwenye daftari.

"Omera," alisema, kama mtu anayemwita ndugu yake, "unaandika watu ambao hujui hata mbwa wao ni mkali au la. Vaa gambuti twende."

Tulitembea siku tatu. Alinionyesha kila mita, kila koki, kila mahali bomba linapovuka kijito. Alinifundisha kuweka ncha moja ya fimbo ya chuma juu ya bomba na ncha nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, nisikilize maji chini ya udongo. Bomba zima hunung'unika. Lililopasuka hupiga mluzi mwembamba. Hadi leo nikiona programu inakwenda polepole natamani ningekuwa na fimbo ile.

Vali zetu wakati huo ziliitwa kwa majina waliyoyatunga vibarua. Moja iliitwa vali ya mlevi, kwa sababu ilikuwa karibu na boma la mtu aliyependa chang'aa. Kibarua mmoja mgeni alitumwa kuifunga, akapotea, akabisha hodi kwa yule yule mtu na kuuliza kwa heshima zote, "Samahani baba, vali ya mlevi iko wapi?" Yule baba alimpa uji kwanza, akampeleka hadi kwenye vali, kisha akaja ofisini kumwuliza Zakaria ni nani aliyeipa jina. Kesho yake Zakaria alichukua kopo la rangi akaandika namba kwenye vali zote.

"Namba haimtukani mtu," aliniambia, "na hata mgeni ataiona."

Nilicheka. Nilidhani hilo ni somo la mabomba.

Programu ya kwanza ya kuandikisha wateja niliiandika mwenyewe, kwenye mashine ile ile ya kitambaa. Majina ya safu hayakuruhusiwa kuzidi herufi kumi. Kiingereza changu kilitosha kusomea gazeti lakini si kutungia kitu, kwa hiyo niliandika kwa Kijaluo: pi kwa maji, dala kwa boma, wuon dala kwa mwenye boma, maneno mawili yakiwa yameunganishwa. Wakaguzi kutoka Nairobi walipokuja hawakuelewa hata mstari mmoja. Nilifurahia jambo hilo kuliko ilivyofaa. Mtu akizoea kuandika mahali ambapo hakuna anayesoma, huanza kuandika kama anavyonong'ona.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, na sababu yake ilikuwa ya kweli. Mteja mmoja alikuwa amevutiwa bomba kwenye shamba ambalo si lake, na mwenye shamba akaja na jembe akalikata. Tangu hapo mradi ulitaka barua ya idhini kabla ya kuchimba mtaro.

"Ukijua nani jadak, unajua nani aombwe barua," aliniambia.

"Na yule anayekaa kwenye ardhi ya kaka yake? Naye hana cheti cha ardhi."

"Huyo si jadak."

"Lakini barua anahitaji, jaduong'."

"Elly, unataka kazi au unataka kesi?"

Nilitaka kazi. Zakaria alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, akisokota katani kwenye kiungo cha bomba. Alisikia kila neno. Hakuinua kichwa. Babu yake alikuwa ametoka upande wa Siaya akitafuta udongo wa mahindi, na boma moja la Uriri likampa mahali pa kujenga. Baba yake alizaliwa hapo akazikwa hapo. Zakaria mwenyewe alizaliwa hapo. Mwenyekiti alipotoka Zakaria akasema, "Nipitishie spana ile ndogo," nami nikampitishia.

Siku hiyo hiyo niliongeza safu. Jina lake lilikuwa herufi tano, nafasi ilitosha na kubaki. Ndani ya programu niliandika mstari ambao kwa Kiswahili ungesomeka hivi: kama jadak ni kweli, dai barua. Nilipofika kwenye rekodi ya Zakaria mashine iliniuliza, nami nikajaza ndiyo. Zakaria alileta barua yake kama wengine. Mzee wa lile boma lililompokea babu yake alitia kidole gumba huku akicheka: "Huyu aniombe mimi ruhusa ya maji, na maji yenyewe ameyaleta yeye?" Maji yakatoka. Neno likabaki ndani. Kwa miaka mingi lilikaa humo bila kumdhuru mtu yeyote, nami nikahesabu ukimya wake kuwa ushahidi kwamba halina ubaya.

Mradi ulikua. Tuliunganishwa na mradi mwingine wa upande wa Rangwe, nikahamishiwa Homa Bay mjini pamoja na programu yangu, ambayo wakati huo ilikuwa imeandikwa upya mara mbili. Kila mara nilibeba majina ya zamani, kama mtu anayehama nyumba na sufuria lenye tundu. Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Ile ninayoikumbuka kwa uchungu ni ya mfumo wa kuchapa bili tulioununua, ulioanguka kila ulipokutana na mteja mwenye ng' katika jina lake. Nusu ya wateja wetu walikuwa akina Ong'ayo na Nyang'aya. Aliyetuuzia mfumo ule alishauri kwa simu kwamba tuwaombe wateja waandike majina yao kwa njia nyingine. Hapo nilikasirika kweli, nikamwambia kwamba jina la mtu si kosa la kuchapa, programu ndiyo ibadilike. Ilibadilika baada ya wiki tatu. Nilijivuna sana. Sikujiuliza kwa nini nilipigania alama moja katika jina la Ong'ayo nami nilikuwa nimembandika Zakaria jina ambalo hakuliomba.

Kisha akaja Lilian, ambaye wengi wenu mnamjua. Alikuwa ametoka chuo kikuu, na jambo la kwanza alilofanya ni kusoma programu yote, mstari kwa mstari, kitu ambacho hakuna aliyewahi kufanya, hata mimi. Wiki ya pili alikuja na karatasi.

"Mzee, seva zetu mbili, moja inaitwa bwana na nyingine mtumwa."

"Ndivyo zilivyoitwa kiwandani."

"Naziita ya kwanza na ya akiba. Na hii orodha ya wateja waliofungiwa maji inaitwa orodha nyeusi. Naiita orodha ya waliofungiwa. Ndicho inachofanya."

Nilimkubalia yote. Nilimtania kwamba ameleta sabuni ya kuosha programu, akacheka, akasema programu za wazee huchafuka kwenye kola. Kukubali kulikuwa rahisi kwa sababu yalikuwa maneno ya Kiingereza, na aibu yake ilikuwa ya watu wengine. Akageuza karatasi.

"Na hili la jadak?"

"Hilo liache."

"Kwa nini, Mzee?"

"Liko kila mahali. Ukiligusa, orodha, mita, barua, vyote vinasimama. Na hakuna mteja anayesoma msimbo wa programu, nyathina, mwanangu. Ni sisi wawili tu."

"Leo ni sisi wawili." Alivuta kiti akakaa. "Mzee, programu ikifika hapa inataka kujua kitu kimoja tu. Barua ya mwenye ardhi inahitajika au haihitajiki? Kwa nini isiulize hivyo? Kwa nini inamuuliza mtu ni nani?"

"Kwa sababu ndivyo mwenyekiti alivyotaka."

"Mwenyekiti alishafariki."

"Basi tumheshimu marehemu."

Hilo lilikuwa jibu la kipumbavu na nililijua nikilitoa. Ukweli ni kwamba programu ile ilikuwa ndiyo kazi ya maisha yangu, na msichana wa miaka ishirini na minne alikuwa amepata ndani yake kitu cha aibu kwa wiki mbili. Mabadiliko ya namna ile yalihitaji sahihi yangu. Sikuitoa. Aliuliza tena mara mbili mwaka ule, kwa adabu, kisha akaacha.

Baadaye tulihamia mfumo mpya, ule mnaoutumia sasa. Mfumo huo una tabia moja ambayo ilikuwa ngeni kwangu: hutengeneza kurasa wenyewe, na kichwa cha kila nafasi hukichukua kutoka kwenye jina la safu. Ukiita safu jina, ndilo litakalochapishwa. Kamati iliamua kila boma lipewe cheti cha uanachama, chenye muhuri wa mradi. Lilian alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Kazi ya kukagua cheti kabla ya kuchapa ilikuwa yangu.

Nilikikagua. Nilifungua rekodi moja, nikasoma kutoka juu hadi chini: jina, namba ya mita, kijiji, Jadak: Hapana, tarehe ya kuunganishwa. Rekodi niliyoifungua ilikuwa yangu mwenyewe. Jicho langu lilipita juu ya neno lile kama linavyopita juu ya nukta. Ningefungua rekodi ya Zakaria ningesoma Ndiyo, na naamini mkono wangu ungesimama. Vijana, msijaribu programu kwa jina lenu wenyewe. Jaribuni kwa jina la yule ambaye inaweza kumuumiza.

Vyeti vikachapwa, vikapigwa muhuri, vikapelekwa Uriri na Rangwe na hadi Sori.

Zakaria alikuwa amestaafu kabla yangu na alikuwa mgonjwa wa sukari. Alinipigia simu alasiri moja.

"Elly, hii karatasi ni wewe umeandika?"

Nilimuuliza karatasi gani, ingawa nilikuwa nimeshajua. Aliisoma kwa sauti, polepole, jina lake kwanza, mita, kijiji, kisha lile neno na ndiyo yake.

"Ni kompyuta imetoa yenyewe," nilisema.

"Kompyuta ilinijulia wapi?"

Nilianza kueleza habari ya safu na vichwa vya kurasa. Alinisikiliza hadi mwisho kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

"Nilikuwa kwenye benchi siku ile," alisema. "Nilidhani utaandika kitu kingine. Nilijiambia, Elly anajua kuandika, atapata neno." Kisha akasema ana usingizi, akakata simu. Nilimpigia mara nyingi baada ya hapo. Kila mara mkewe alipokea, akasema amelala.

Tuliomba vyeti virudishwe, lakini huwezi kurudisha karatasi iliyokwisha kusomwa. Miezi minne baadaye Zakaria alifariki.

Mzee aliyecheka akitia kidole gumba alikuwa amekufa zamani. Shamba lilikuwa mikononi mwa mjukuu wake, kijana mwenye gari, ambaye alikuwa ametaka sehemu aliyokaa Zakaria kwa muda mrefu na hakuwa na pa kushika. Mtu akizikwa mahali, kwetu, mahali pale pamekuwa pake. Kijana alizuia kaburi lisichimbwe. Wazee wa ukoo wakasema makaburi ya baba na babu yapo, vizazi vitatu vimekaa, hakuna aliyewahi kusema neno. Jambo likafika kwa chifu. Pale yule kijana alitoa cheti chetu.

"Wazee wanasema hakuna aliyewahi kusema," alisema. "Mradi wenyewe umesema. Muhuri huu hapa."

Niliitwa kueleza kama karatasi ni halali. Nilivaa koti langu la kanisani. Nilisema ni halali. Nilisema pia kwamba neno lile halikusudiwa kueleza mtu, lilimaanisha tu kwamba barua ya idhini ilihitajika ili bomba lipite.

"Basi kwa nini hamkuandika 'barua'?" yule kijana aliuliza.

Watu walinigeukia. Mjane wa Zakaria alikuwa mstari wa mbele, amejifunga leso kiunoni, akinitazama kwa uso wa mtu ambaye angalipenda sana niwe na jibu. Nilisema, "Ni kosa langu." Chifu aliandika hilo pia, lakini kosa langu halikufuta muhuri. Alisema familia zikubaliane au ziende mahakamani. Maiti ilikuwa mochari wiki ya tatu. Familia haikuwa na nguvu ya mahakama.

Lilian aliporudi kazini hakuniambia neno lolote la kunilaumu, na ningeona afadhali angelisema. Nilitia sahihi kabla hajaketi. Alibadilisha jina la safu kila mahali, akabadilisha na swali lenyewe, sasa mfumo unauliza kama barua ya mwenye ardhi inahitajika, na yule anayekaa kwenye ardhi ya kaka yake anaulizwa sawasawa na wengine wote. Ilimchukua siku mbili na nusu. Hakuna kilichosimama. Nilikuwa nimekataa kwa miaka mitano kazi ya siku mbili na nusu.

Tangu hapo hadi nilipostaafu nilikuwa mtu wa kuwasumbua ninyi kuhusu majina. Mlinitania kwamba nimekuwa mwalimu wa Biblia wa msimbo. Mmoja wenu alipoita wagonjwa wa zahanati waliokosa miadi "watoro" katika ule mfumo tuliosaidia kuutengeneza, nilimkalisha chini asubuhi nzima, akaniambia, "Lakini Mzee, ni ndani tu." Sasa mnajua kwa nini sikuliacha lipite. Hakuna ndani. Kuna ambako bado hakujafunguliwa. Andikeni kile programu inachohitaji kujua, si kile kijiji kinachonong'ona, na mkubwa akiwaagiza vinginevyo, mwulizeni mara ya pili, na ya tatu, hata akiwauliza mnataka kazi au kesi.

Zakaria alizikwa upande wa Asumbi, kwenye kipande cha ardhi ambacho wanawe walikitafuta kwa wiki moja, kati ya watu ambao hawakumjua. Nilikwenda. Mwanawe mkubwa alinikuta langoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama inavyopasa.

"Baba," alisema, "hatuna ugomvi na wewe. Lakini mama ameomba usitie udongo."

Nilirudi Homa Bay kabla ya sala. Niliogopa kumwambia mwenyekiti hapana kwa sababu ya kazi, na kazi nikaipata, nikaimaliza na kupewa saa ya ukutani. Kwa neno lile nilimpoteza rafiki yangu miezi minne kabla hajafa, nikamwondoa ubavuni mwa baba yake, na sikuruhusiwa kumzika.